Herufi Iliyofunga Ghala

Wewe unayebetua midomo, ngoja kwanza nimalize. Unadhani wanyama hawakuwa na bunge? Walikuwa nalo, tena lenye viti na usingizi kama mengine.

Hapo zamani za kale, nchi ilipokuwa bado ya wenye mikia, Waziri Kiboko alileta bungeni muswada wa reli ya mwendo kasi.

"Waheshimiwa, gari hilo litapita vuuup! Unaepua uji, unakwenda pwani, unarudi, uji haujapoa!"

"Lahaula!" Bunge zima likashusha pumzi. Hata Nguchiro, mtunza ghala, manyoya yalimsimama. Chuma kinachoukimbiza upepo! Alitamani akione kabla hajafa.

"Ila sheria hii," Kiboko akaendelea, "inaturuhusu kutumia mapema. Reli haijaanza, lakini ghala lifunguliwe leo."

Nguchiro akasimama. Ghalani mlikuwa na mtama wa kiangazi. Ukiliwa, wanawe na wana wa wanyonge wote watakufa njaa.

"Mtama utajengaje reli, Mheshimiwa?"

"Utatutia nguvu sisi tunaoifikiria, bibi wee!" Kiboko akapapasa tumbo. Wakubwa wakaangua kicheko, kwa kwa kwa!

Nguchiro akawaza upesi. Katika ukoo wake herufi h humezwa. Hata hodi husema odi. Akainama mbele ya Spika Tembo.

"Naunga mkono, Mheshimiwa Spika. Tuongeze maneno machache tu: wabunge awali, mpaka reli ifike."

Wabunge awali! Yaani wabunge kwanza! Kiboko nusura ambusu.

"Wanaoafiki?"

"Ndiyoooo!" Paa likatikisika. Tembo akagonga nyundo, ko! Na sheria ya kwao ikishagongewa nyundo, hairudi.

Karani Kobe, jirani yake Nguchiro aliyezoea usemi wake, akasoma alichoandika: "Wabunge ha-wa-li, mpaka reli ifike."

Wakubwa wakanyanyuka vitini.

"Hawali?" Kiboko akabweka. "Ulisema awali!"

"Kwetu h tunaimeza, baba. Wewe ulitaka kumeza ghala."

Tembo akaitazama nyundo yake kwa hofu. Yeye anayeng'oa mivule, herufi moja imemshinda kuing'oa!

"Sasa reli itafika lini?" Kiboko akauliza.

"Shika jembe, Mheshimiwa. Naisubiri kwa hamu kuliko wewe. Na jua hili: sikio likitawaliwa na tumbo, vyote viwili hulala njaa."

Akafunga ufunguo wa ghala kwenye pindo la kanga, akatoka, akaubamiza mlango. Pwaa!