Mfereji wa Mjomba Semboja

"Shamba likikauka, fuata mfereji." Mmemsikia muuguzi akimwambia mwenzake, mkacheka: wodi na shamba wapi na wapi? Haya, vuteni viti niwape chanzo chake. Atakayesinzia asikorome.

Milimani Upare aliishi mzee Semboja, msimamizi wa ndiva, lile bwawa la kugawia mashamba maji. Mpwa wake Namkunda, akiwa bado msichana, alikuta mahindi ya mama yake yamenyauka, akashika jembe na kulitifua shamba zima akitafuta kosa. Mjomba alimcheka mpaka akapaliwa.

"Unaliadhibu shamba kwa kiu yake? Shamba likikauka, fuata mfereji." Akamshika mkono, wakapanda na mfereji mpaka wakakuta gogo limekwama.

Miaka ikapita. Namkunda akawa daktari wa kusoma picha za ndani ya mwili katika hospitali kubwa mjini. Semboja naye akateleza kwenye tope, akavunjika mguu, akafungwa plasta na kulazwa kitandani kwa majuma. Asubuhi moja pumzi ikamkata ghafla. Akaletwa kwa mpwawe, midomo imepauka.

Picha ya eksirei ikatoka: mapafu safi. Daktari wa wodi akashusha pumzi. "Kifua hakina kitu. Ni hofu tu ya uzee. Apewe dawa ya kumtuliza, arudi nyumbani."

Namkunda alitamani iwe hivyo. Nani asiyependa habari njema ya mtu wake? Akamwinamia mzee.

"Mjomba, mapafu yako ni safi."

"Safi?" Maneno yalimtoka moja moja. "Basi mke wangu... kanikalia kifuani."

"Hata ukiwa hoi ni utani tu!"

"Nisife lakini... Kesho zamu ya maji... ni ya mama yako. Ataniua."

Namkunda akacheka, kisha kicheko kikamkatika. Zamu ya maji! Shamba safi, halina wadudu wala magugu, na bado limekauka. Na yeye amesimama tena na jembe lake.

"Haendi nyumbani," akamwambia daktari mwenzake. "Apigwe siti skani, tena kwa dawa ya rangi."

Dawa ile huingizwa kwenye mshipa wa mkono, na damu inapopita hung'aa nyeupe pichani. Namkunda akaanzia kwenye moyo, akafuata mshipa mkubwa uendao mapafuni, tawi baada ya tawi, kama alivyopanda siku ile. Weupe. Weupe tena. Kisha, upande wa kulia, kitu kirefu cheusi katikati ya weupe, rangi ikipita kandokando yake kama maji yanavyolizunguka gogo.

"Bonge la damu," akasema, akiweka kidole kwenye kioo. "Limeganda mguuni, likapanda mpaka huku."

Hapo hapo mzee akaanzishiwa dawa ya kuzuia damu isigande.

Alipopata pumzi, Semboja aliuliza kwanza, "Gogo la mti gani?"

"Lako mwenyewe, mjomba. Limeota mguuni."

"Na plasta yote ile! Nani alikufundisha kufuata mfereji shamba likikauka?"

"Mzee mmoja mtani. Sijui kama bado yupo."

"Yupo," akasema, akiushika ule mkono aliouongoza zamani. "Ana njaa."

Daktari wa wodi, aliyesimama mlangoni, ndiye aliyelichukua neno hilo akawapa wanafunzi wake, nao wakatupa sisi wa wodini. Kwa hiyo, wajukuu zangu, mtu akikosa pumzi na picha ikaonyesha mapafu safi, msiyapongeze mapafu mkaenda kunywa chai. Shamba likikauka, fuata mfereji.