Msiba wa Kisima cha Mbugani

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walikuwa na nyumba, meko na vyungu kama sisi, ila maneno yao yalikuwa makubwa kuliko yetu. Sogeeni karibu. Na wewe uliyeshika kijiti, acha kuchimbachimba sakafu yangu, hadithi hii ina wachimbaji wa kutosha.

Katika kijiji cha Mbugani mvua ilikuwa imegoma misimu miwili. Kisima chao, kipana chenye njia ya kuteremkia, kilikauka. Tembo, mkuu wa kijiji, na jirani yake Kifaru walishuka kukiongeza kina. Walichimba siku tano, wakashuka urefu wa mikonga mitatu ya Tembo, wakapata vumbi. Asubuhi ya siku ya sita Tembo alijipangusa, akaita baraza.

"Kisima kimekufa," alisema. "Hapa hapatatoka maji kamwe. Kesho alfajiri tunahamia mtoni. Ni mwendo wa siku nne."

"Kamwe," akaitikia Kifaru.

"Kamwe," wakaitikia wote. Neno hilo ni tamu sana kulitamka ukiwa umechoka.

Mmoja tu hakuitikia. Huyo ni Nguchiro, kale kanyama kadogo kenye mkia mrefu, kasikotulia hata kakila. Alikuwa akikanyaga mguu huu na huu, mawazo yote yako kwa mama yake. Mama alikuwa mzee, miguu imevimba, hata mlangoni alifika kwa kushika ukuta.

"Mjomba Tembo," alisema, "na mama yangu je?"

Tembo akatazama pembeni. "Asiyeweza kutembea atabaki, mpwa wangu. Tutamwachia chakula."

Chakula bila maji! Nguchiro hakungoja baraza limalizike. Hakuaga mtu. Alikimbia hadi kisimani, akateremka mpaka chini kabisa, akaanza kuchimba kwa kucha zake. Kwaru, kwaru, kwaru. Jua lilipofika utosini alikuwa amepata kishimo cha kufichia yai, na kucha mbili zimeng'oka. Akarudi nyumbani mbio, analia.

"Siwezi, mama. Sitaweza kamwe."

Mama alikuwa akichambua kunde. "Umechimba tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Basi sema hujamaliza. Ulipokuwa unajifunza kutembea ulianguka mwezi mzima. Ungekuwa unalijua hilo neno lako wakati ule, mpaka leo ningekuwa nakubeba mgongoni." Akatupa kunde mbovu pembeni. "Na udongo wa chini ulikuwaje?"

Nguchiro akafikiri. "Wa baridi."

Mama akaacha kuchambua. "Wa baridi," alirudia polepole. "Basi maji hayako mbali. Nenda kamwambie mjomba wako."

Akaenda. Alimkuta Tembo akifunga mizigo. Tembo alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi ndefu.

"Huenda unasema kweli," alisema. "Lakini nimeshatamka kamwe mbele ya baraza. Leo nirudi shimoni? Watasema mkuu hana msimamo."

Mnasikia, wajukuu? Hakuwa mbaya. Alikuwa amefungwa, na kamba aliisokota mwenyewe.

Nguchiro alitoka, akaizunguka nyumba ya Tembo mara moja, mara mbili, mara tatu. Mara ya nne akasimama, akachota majivu jikoni kwa Tembo, akajipaka kichwani.

Hapa lazima niwaambie desturi ya Mbugani. Kitu kilichowalea, kikifa, walikizika kama mtu. Kinu kikipasuka kilizikwa. Mti wa kivuli ukianguka ulizikwa. Na kaburi halikukataliwa: ukiitwa kuchimba unakwenda, hata kama wewe na marehemu mlikuwa hamsalimiani.

"Msiba, jamani," Nguchiro akalia katikati ya kijiji. "Uuwi, msiba!"

Milango ikafunguka. Tembo akatoka na kamba mdomoni. "Nani tena?"

"Kisima. Si umetutangazia kifo chake mwenyewe, mjomba? Kimetunywesha tangu enzi za babu zetu. Kesho tuondoke tukiache juani mdomo wazi, kama mzoga usio na ndugu?"

Wanyama wakatazamana. Aibu iliwashika kweli.

"Tutupe udongo juu, yaishe," alisema Kifaru.

"Baba Kifaru, marehemu baba yako mlimtupia udongo juu?"

Kifaru akainamisha pembe.

"Marehemu amelala palepale alipo," Nguchiro akaendelea upesi, kabla hawajapata nafasi ya kufikiri. "Kaburi lake litakuwa chini yake. Na alikuwa mrefu, mikonga kumi. Asichimbiwe kijishimo cha kuku."

"Lakini mimi nimesema sitachimba tena kisima," Tembo akanung'unika.

"Nani amekuomba kisima, mjomba? Neno lako liko palepale. Hili ni kaburi."

Tembo akatema ile kamba. Kisha akateremka kisimani. Kifaru akamfuata.

Desturi ya kaburini ni kwamba anayechimba huuliza, na msimamizi aliye juu hujibu. Msimamizi akawa Nguchiro. Alikuwa akizunguka ukingoni, hakai.

Tifu, tifu, tifu.

"Imetosha?" Tembo aliita.

"Bado."

Tifu, tifu.

"Imetosha?" aliita Kifaru.

"Bado kidogo."

Walishuka robo mkonga, ikawa nusu, na kilichopanda ni udongo tu. Jua likaanza kuegemea upande. Nguchiro akazidi kuzunguka. Je, kama mama amekosea? Mara mbili neno lile, kamwe, lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Mara zote mbili alilimeza, akamkumbuka mama na kunde zake.

"Wewe mdogo," Kifaru alipaza sauti, "mgongo unaniuma. Imetosha?"

"Bado kidogo, Baba Kifaru. Kaburi halijamfika marehemu hata kiunoni."

"Udongo wenyewe sasa unanata miguuni."

Nguchiro akasimama kwa mara ya kwanza tangu waanze kuchimba. "Basi bado kidogo sana," alisema.

Tifu. Tifu. Chubwi.

Kisha sauti ya Kifaru ikapanda kutoka shimoni, taratibu, yenye mashaka.

"Nguchiro. Marehemu analia."

Tembo alichovya mkonga, akaonja, akafumba macho. "Maji," alisema. "Jamani, ni maji."

Mnaweza kuwaza wenyewe vurugu iliyofuata, vibuyu kugongana na watoto kuangukia tope. Tembo alipanda juu ametapakaa matope mpaka masikioni, akasimama mbele ya Nguchiro.

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya, mjomba."

"Mbele ya kijiji kizima."

"Mbele ya kijiji kizima. Uliniambia msimamo wako haukuruhusu kurudi, nami nikakutafutia njia nyingine ya kuteremkia."

Tembo alitaka kukasirika, akashindwa. Alijaza kibuyu kwa mkonga wake mwenyewe, akampa. "Mpelekee mama yako. Mwambie hakuna anayehama."

Nguchiro alikimbia, maji yakimwagika njiani. Mama alikunywa akashusha kibuyu, akanywa tena. Kisha akamtazama mwanawe mwenye majivu kichwani.

"Uliwaambia nini hata wakakubali?"

"Alasiri nzima nilikuwa nawaambia neno moja tu, mama. Bado."

Basi wajukuu zangu, kabla hujasema kamwe, sema bado, kisha urudi kuchimba.

Nami hadithi imenikausha koo. Wewe mwenye kijiti, nyanyuka ukaniletee maji.