Ala ya Mbaruku

Ala haichinji.

Bibi Mwasiti alilitamka neno hilo huku anabangua karanga, bila hata kuinua macho, na wajukuu zake wawili wakamgeukia. Rehani na dada yake Tatu walikuwa wametoka mnadani, na njia nzima walibishana juu ya kisu.

"Bibi, ala imeingiaje hapa?" Rehani akauliza. "Mimi nataka kisu cha kutembea nacho tu, cha kukatia kamba na miwa. Kile cheusi kina ala ya kufunga mguuni, kama ya komandoo. Na wala si ghali."

"Nimekusikia. Ndiyo maana nimekujibu."

"Lakini neno lenyewe limetoka wapi?" Tatu naye akadakia.

Bibi akakung'uta maganda mapajani. Neno hili lina kijiji chake na lina mtu wake, akasema, na lilizaliwa namna hii.

Palikuwa na kijana wa Isongolo aitwaye Mbaruku, askari wa kampuni ya ulinzi mjini Dodoma. Alilinda ghala la saruji, lakini ukimwona anavyotembea ungedhani analinda mpaka wa nchi: buti zimefungwa hadi kwenye muundi, mkanda mpana, kofia imeinamia jicho moja. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kutazamwa tu, na asipotazamwa alijiona kama hayupo.

Alimchumbia Sikudhani, binti wa Mzee Mndeme wa kijiji cha pili. Mashangazi wa binti hawakumtaka. "Huyo ni buti tupu," walisema. Sikudhani akawajibu mbele ya baba yake, "Ndani ya buti mna mtu. Mimi nimemwona." Binti akisema hivyo hadharani ameweka uso wake rehani kwa ajili ya mwanamume, na Mbaruku alilijua hilo.

Sasa, huko kwao siku ya harusi bwana harusi humchinja mbuzi mwenyewe, uani kwa wakwe, kwa kisu kilichotoka kiunoni mwake. Nyama hiyo ndiyo karamu, na mkono huo ndio ahadi kwamba huyu anayeingia hapa si mtesaji, hata kwa mnyama. Tena kisu hicho kikishafungwa kiunoni na kuombewa dua, hakichomolewi mpaka mbele ya mbuzi, kwa sababu aendaye kwa mkwewe na kisu wazi huenda kuua, haendi kuoa. Ndiyo maana watu huishia kukisifu kisu ambacho hawajakiona.

Mbaruku alikwenda mnadani na mjomba wake, Kirumbi, kutafuta kisu hicho. Palikuwa na mhunzi amepanga visu vyake juu ya gunia, vimefuliwa kwa springi za lori, mipini ya mti iliyopigwa misumari, havina sura ya kumkonyeza mtu. Kando yake mchuuzi mwenye kipaza sauti alitandika turubai la buluu, na juu yake kililala kisu kirefu cheusi, mgongoni kina meno ya msumeno, mkiani mwa mpini kina dira. Ala yake ilikuwa ya ngozi, ina kamba na vifungo vinavyong'aa. Bei zilikuwa sawasawa, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba umaskini ndio uliomponza.

Kirumbi akainama, akakiokota cha mhunzi, akanyoa kwacho nywele za mkono wake. "Tazama. Na shika hapa, chuma kimepita mpaka mwisho wa mpini. Kisu huulizwa, mpwa wangu, hakitazamwi."

"Mjomba, niingie kwa wakwe na kitu kama hicho? Watadhani nimetoka kuchimba viazi."

"Njoo huku, komandoo!" mchuuzi akapiga kelele. "Hiki kina dira, kina msumeno, ala ngozi tupu! Simba akikiona anakupa njia!"

Mbaruku akacheka. Akakichomoa mara moja, si ili kuyapima makali bali ili kuusikia mlio wake kinapotoka alani. Kililia vizuri. Akalipa.

Asubuhi ya harusi, kabla ya kumfunga mkanda, Kirumbi akamwangalia usoni. "Umekijaribu?"

"Nimekijaribu, mjomba."

Ulikuwa uongo mdogo, wa kuharakisha mambo. Dua ikasomwa, kisu kikafungwa.

Njia nzima ile ala ilishangiliwa. Kina mama walitoka malangoni kupiga vigelegele. "Hebu oneni ala hiyo! Leo mbuzi atajichinja mwenyewe kwa hofu!" Rafiki yake Sefu, msindikizaji wake, alikuwa akisogea pembeni makusudi ili watu wapate kuiona. Mbaruku alijinyoosha hata mgongo ukamuuma.

Uani kwa Mzee Mndeme mbuzi alikwisha kulazwa, ameelekezwa kibla. Shekhe Dosa akamwita bwana harusi. Watu wakajaa mpaka kwenye ua wa mabua. Mbaruku akapiga goti, akachomoa, kisu kikalia kama siku ile, na watu wakaguna kwa kupendezwa. Akataja jina la Mungu, akapitisha.

Manyoya yalilala upande. Ngozi haikukatika.

Akapitisha tena. Safari hii ngozi ilichanika kidogo na mbuzi akapiga ukelele. Mbaruku akashika mpini kwa mikono miwili. Akakandamiza kwa nguvu zake zote, na mpini ukafanya ka! Ndani ulikuwa mtupu kama bomba. Bapa likainama pembeni, dira ikaviringika mchangani, yeye akabaki ameshika gamba lile jeusi, na mbuzi chini yake akilia kwa sauti kama ya mtoto.

"Mbuzi huyu ana ngozi ya kifaru," Sefu akasema. Hakuna aliyecheka.

"Inua mkono!" Shekhe Dosa akasema kwa ukali. "Inua mkono, kijana, unamtesa. Mbuzi aliyeteswa hivi, kwetu ni kibudu, haliwi. Apumzishwe."

Lakini apumzishwe na nani? Kila mwanamume pale uani alikuwa na kisu chake kiunoni, na hakuna aliyekigusa. Kumpa bwana harusi kisu mbele ya wakwe ni kumwambia wazi kwamba si mwanamume, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia. Basi wakasimama na adabu yao, na mbuzi akaendelea kulia.

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguliwa. Bibi harusi hatoki nje kabla ya kuozwa, lakini Sikudhani alitoka, hina bado mbichi mikononi, kanga kichwani. Alishika kisu cha jikoni, kile cha mchicha, kilichonolewa miaka mingi hadi kimekuwa chembamba kama jani la muhindi. Akampa Mbaruku bila kumtazama.

"Mmalize," akasema. "Yeye hakukosa kitu."

Mbaruku akakipokea. Kilipita kama kwenye samli. Mara moja tu, na kelele zikaisha, na kimya kilichofuata kilimuumiza kuliko kelele zile. Akabaki amepiga goti pale pale. Kama ardhi ingekubali kumpokea na buti zake, angeshukuru.

Mzee Mndeme akaja akasimama mbele yake. "Kisu ulikijaribu?"

"Baba, wachuuzi wa siku hizi matapeli," Sefu akaingilia. "Wanamuuzia mtu..."

"Nimemuuliza yeye."

Ulimini mwa Mbaruku uongo wa pili ulikuwa tayari, umevaa vizuri, ndugu wa ule wa asubuhi. Akainua macho. Sikudhani alikuwa amerudi mlangoni, na macho ya uani yote yalikuwa yamemhama yeye yakamwelekea binti. Mashangazi walikuwa wanamtazama Sikudhani, si Mbaruku. Maisha yake yote alitaka kutazamwa, na leo mwingine alikuwa anatazamwa kwa ajili yake.

"Sikukijaribu, baba," akasema. "Mjomba aliniuliza, nikamdanganya. Sikununua kisu mimi. Nilinunua ala. Na ala haichinji."

Kirumbi akageuza uso akatazama ua wa mabua. Mzee Mndeme akamgeukia binti yake. "Umesikia. Aliyesimama mbele ya shangazi zako ni wewe. Sema."

Sikudhani alimtazama Mbaruku kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama kwa muda mrefu, naye hakuthubutu kuinamisha kichwa.

"Nimesikia," akasema. "Injikeni maharage."

Basi wakaozwa, na wageni waliotoka mbali kuja kula nyama wakala wali kwa maharage, taratibu, bila kusemezana sana. Mbaruku alikula matonge matatu akanawa. Mbuzi alizikwa nyuma ya zizi, na shimo alilichimba yeye mwenyewe, akiwa bado na nguo za harusi.

Neno lake halikuzikwa. Mwanzoni walilisema ili kumchoma, walimwimbia kisimani na mnadani. Baadaye likaenda vijiji vya mbali, kwa watu wasiomjua, wakalitumia kwa mtu yeyote aliyependa ganda kuliko kitu. Yeye kila alipolisikia aliinamisha kichwa akapita. Hakulikana hata siku moja, na Sikudhani hakumtania kwalo hata siku moja.

Bibi Mwasiti akazirudia karanga zake. Rehani alikuwa akichora chora chini kwa kidole.

"Sasa Bibi, nikitaka kisu?"

"Nunua cha bei unayoiweza, hilo halina aibu. Lakini kitoe kwanza kwenye mapambo yake. Kiulize kwa nywele za mkono wako, tikisa mpini, tazama chuma kinaishia wapi. Na ukijikuta unasifia vifungo, rudisha, uondoke."

"Kwa sababu ala haichinji," Tatu akasema polepole, na safari hii hakuna aliyeuliza maana yake.