Punguza Vyako, Amana Inabanwa

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni hapa. Mwenye mbaazi mapajani aendelee kumenya, masikio hayana kazi nyingine. Na wewe Pili, unayesafiri kesho, ondoka juu ya hilo begi. Likikataa kufunga limekataa, hata ukilikalia mpaka asubuhi.

Basi. Zamani hizo mito ilikuwa michache na mazimwi mengi. Palikuwa na mwanamke jina lake Mashavu. Mumewe, Shomari, alitangulia ng'ambo ya mto kujenga nyumba, mwendo wa siku nne kwa miguu. Siku moja salamu zikaja: "Nyumba imekwisha. Njoo na mtoto."

Mtoto wao aliitwa Mize. Alikuwa na miezi sita, bado ananyonya, hajui lolote zaidi ya ziwa la mama yake.

Mashavu akatoa sanduku moja la mninga. Akapakia sufuria ndogo, mkeka, kanga mbili, unga wa mtama na ndizi kavu za kumfikisha. Basi. Akalifunga, akaliinua kwa mkono mmoja, akacheka peke yake kwa jinsi lilivyokuwa jepesi.

Kicheko hicho hakikufika mbali. Mnajua tulivyo sisi. Mtu akisikika anasafiri, kijiji kizima kinakumbuka jamaa zake wa mbali. Na msafiri hakatai. Akikataa ataambiwa ana roho mbaya, na maneno hayo yatamsubiri mpaka arudi.

Akaja Bi Kiza, jirani wa kulia. "Mwanangu Mashavu, kibuyu hiki cha asali kampe baba yangu huko. Kidogo tu."

"Haya, mama."

Akaja Fundi Mwinyimvua, jirani wa kushoto. "Shemeji, tindo hizi kampe mdogo wangu. Ndogo tu."

"Haya, shemeji."

Akaja kikongwe mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Alipoingia uani, kuku wakanyamaza. Mkononi alikuwa na kifurushi cha ngozi, hakizidi ngumi ya mtoto, kimefungwa uzi mweusi.

"Mjukuu wangu, nipelekee hiki. Kidogo tu."

"Nimpe nani, bibi?"

"Usihangaike. Atakayekula atakuja mwenyewe."

Alisema atakayekula! Hakusema atakayekipokea. Mashavu alisikia, moyo ukamruka. Lakini mzee wa watu amesimama juani, ameomba kwa adabu, na majirani wanatazama. Akasema, "Haya, bibi."

Nyinyi mmeshajua kulikuwa na nini ndani ya ngozi ile. Mazimwi yana miguu, tena mirefu, lakini hayavuki maji wala hayaingii kwenye mji wa watu mpaka mtu ayabebe kwa hiari yake. Mashavu hakujua. Akalikandamiza sanduku kwa goti, likafunga. Akaweka kata kichwani, sanduku juu ya kata, Mize mgongoni ndani ya mbeleko, akashika njia.

Siku ya kwanza, jua la utosi, shingo ikaanza kumuuma. Akatua. Mara akasikia sauti nyembamba ndani ya sanduku:

"Mashavu, Mashavu, punguza vyako, amana inabanwa."

Akafungua. Kifurushi kilikuwa kimekua, kinalingana na nazi. Akaogopa. Wazo la kwanza likawa kukitupa porini. La pili likawa: nitamjibu nini mwenyewe? Kitu cha watu hakitupwi. Basi akatoa sufuria yake, akaiacha kichakani, akafunga sanduku, akaenda.

Siku ya pili, jua la utosi, akatua tena.

"Mashavu, Mashavu, punguza vyako, amana inabanwa."

Kifurushi kilikuwa sawa na mtungi wa maji, na ile ngozi ilikuwa inapanda na kushuka, inapumua. Mashavu akatazama pembeni kama mtu asiyeona. Akatoa mkeka, akatoa kanga zake mbili, akaviacha juu ya jiwe. Akafunga, akaenda.

Siku ya tatu, jua la utosi, akatua tena.

"Mashavu, Mashavu, punguza vyako, amana inabanwa."

Chakula ndicho kilichobaki chake. Akatoa unga, akatoa ndizi, akaviacha chini, siafu wakavipokea. Asali ya Bi Kiza ilikuwa palepale, na njaa inamkata, lakini hakuionja hata kwa ncha ya kidole. Ni ya watu.

Siku hiyo maziwa yakakauka. Mize alinyonya akakosa, akalia. Akanyonya akakosa, akalia. Akanyonya akakosa, na mara ya tatu hakulia tena.

Msinitazame hivyo. Menyeni mbaazi.

Siku ya nne Mashavu akafika mtoni. Mto mpana, mweusi, hauna kivuko ila daraja la kamba, na penye daraja amekaa mlinzi, mzee mwenye sauti ya mafua aitwaye Mzee Ngwali.

"Sheria ya daraja unaijua?" akauliza.

"Siijui, mzee."

"Mtu mmoja, mzigo mmoja. Kamba hazibebi zaidi. Una sanduku kichwani na mtoto mgongoni. Hiyo mizigo miwili. Mmoja utabaki."

"Nitaacha sanduku, kisha nirudi kulichukua."

Kabla hajalitua, sanduku lenyewe likajibu, na sauti haikuwa nyembamba tena. Mbao zilitetemeka.

"Amana haiachwi njiani, Mashavu. Watu watasema nini? Punguza vyako, amana inabanwa."

Na chake kilichobaki kilikuwa kipi? Semeni nyinyi. Siwezi kukisema mimi.

Mashavu alikuwa amechoka. Alikuwa na njaa. Kwa siku tatu ameambiwa neno lile, na kwa siku tatu ametii, mikono yake ilikwisha kuzoea. Mikono ikaenda yenyewe kwenye fundo la mbeleko. Ikafungua. Akamlaza Mize majanini, akajitwisha sanduku sawasawa, akakanyaga ubao wa kwanza wa daraja. Akakanyaga wa pili. Akakanyaga wa tatu.

Upepo wa mto ukampiga mgongoni, mgongo ukaingia baridi. Akashtuka. Akageuka, akamwona mwanawe majanini, macho wazi, anamtazama. Hakuwa analia. Hakuwa na nguvu ya kulia.

Jamani! Aibu ya watu Mashavu aliijua tangu utotoni, amelelewa nayo. Lakini aibu ya kutazamwa vile na mtoto wake hakuwahi kuionja, na ilimchoma kuliko njaa. Akarudi mbio, akalibwaga sanduku chini, akamnyakua mwanawe, akamfunga mgongoni mafundo mawili.

Kifuniko kikainuka kidogo. Vidole vikatoka, virefu, vina kucha, vikashika ukingo wa sanduku. "Nani atanivusha?" likauliza zimwi.

"Si mimi," akasema Mashavu, akaingia darajani.

Nyuma yake akasikia sauti ya Bi Kiza: "Mwanangu, asali ya baba yangu!" Hakugeuka. Akasikia sauti ya Fundi Mwinyimvua: "Shemeji, umenitupa!" Hakugeuka. Akasikia sauti ya mama yake mzazi, analia, anamwita kwa jina la utotoni. Hapo machozi yalimtoka, lakini miguu ilikwenda mbele, na hakugeuka.

Akafika kwa mumewe hana hata kanga ya kubadili. Shomari akamkumbatia, akampa uji, Mize akanyweshwa maziwa ya mbuzi kwa kijiko, rangi ikamrudia. Watu wa kule wakacheka pembeni: mke gani huyu, amekuja kuanza maisha na mbeleko tu? Mashavu aliwasikia. Akaendelea kumtazama mtoto akila.

Mngetaka niishie hapo. Haiishii hapo.

Siku ya saba tangu afike, jua la utosi, Shomari yuko shamba, Mashavu akasikia hodi. Mlangoni amesimama mwanamume mpole, jasho linamtiririka, shingo imezama mabegani. Kichwani ana sanduku la mninga.

"Samahani, dada. Nimelikuta penye daraja. Limeniomba nilifikishe huku. Si langu, nimebebeshwa tu. Niweke wapi?"

Mashavu akamtazama mgongoni. "Na mzigo wako mwenyewe, kaka, uko wapi?"

"Niliupunguza."

"Ulikuwa mzigo gani?"

Yule bwana akafikiri kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoacha jembe. "Binti yangu," akasema. "Nilikuwa nampeleka kwa mganga. Nilimbeba mgongoni."

"Umemwacha wapi?"

"Huko. Amana ilikuwa inabanwa."

Mashavu akamwambia, "Litoe hapa. Litoe hapa, kaka. Litoe hapa nakuomba!" Akafunga mlango na komeo.

Bwana yule hakukasirika. Akaenda nyumba ya pili, akapiga hodi. Pale palikuwa kwa Bi Mwanaidi na mumewe, watu wakarimu wasiomwacha mgeni ashinde njaa. Mashavu akawasikia: "Karibu, karibu! Kitu chenyewe ni sanduku tu? Weka hapo ndani, mwenyewe atalifuata."

Mashavu akapiga kelele dirishani, "Bi Mwanaidi, usilipokee! Mwulize ni la nani! Mwulize ndani mna nini!"

Bi Mwanaidi akacheka kwa huruma. "Mwenzangu, mgeni haulizwi maneno hayo." Na mlango wake ukafungwa, yule bwana na sanduku wakiwa ndani.

Shomari aliporudi, mkewe akamweleza yote. Hakubisha hata neno. Akatoka mbio, akatembea usiku kucha mpaka mtoni, akamkuta yule binti yuko hai, kalala kibandani kwa Mzee Ngwali anakohoa. Haya, futeni machozi. Alimleta nyumbani, akakua pamoja na Mize kama ndugu. Lakini kila alipoona mtu anafunga mzigo, alikuwa akienda kukaa mbali.

Shomari alipofika na mtoto yule mgongoni, kijiji kizima kilikuwa kimesimama nje kwa Bi Mwanaidi. Siku mbili moshi haukuonekana pale. Wakausukuma mlango. Hapakuwa na Bi Mwanaidi. Hapakuwa na mumewe. Hapakuwa na yule bwana mpole. Sufuria zote, mikeka yote, kanga zote, vilikuwa vimetolewa vikapangwa vizuri ukutani, kama mtu aliyekuwa anatafuta nafasi. Katikati ya nyumba palikuwa na sanduku, kifuniko wazi, ndani safi, halina hata vumbi.

Mzee mmoja akauliza, "La nani hili?"

Watu wakatazamana. Siku nyingine angetokea mmoja akasema, nipeni mimi nilihifadhi mpaka mwenyewe aje. Siku hiyo hakutokea. Wakarudi nyuma, mmoja mmoja, wakaufunga mlango, wakajenga kwingine. Nyasi zikaota mpaka dirishani, na hakuna aliyezifyeka.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye mlango uliofungwa. Mkipita msibishe hodi. Mafunzo yake ni haya: msafiri abebe anachokijua, na anayeona haya kusema "sitaweza" ataulipia ukarimu wake kwa kitu kisichokuwa na badala.