Nani Aandikwe Chini ya Barua ya Kuku?

Hapo zamani, na msinikunjie uso, zamani yangu si ya mbali, ni zamani hii hii ya bando na simu za kupangusa, palikuwa na mwanamke mjini Singida akiitwa Sikudhani Ntandu. Wewe mwenye simu hapo, iweke chini. Hadithi hii inaihusu simu, lakini haitaki kusikilizwa na mtu anayeitazama.

Bi Sikudhani alikuwa afisa mifugo miaka thelathini. Alitibu ng'ombe, akatibu mbuzi, lakini moyo wake ulikuwa kwa kuku. Alipostaafu akaanzisha kijarida, akakiita Barua ya Kuku. Kila Alhamisi kiliwafikia kwa barua pepe wote waliojiandikisha, na hakikuuzwa. Kuku wako anakohoa, amekueleza. Kuku wako halalii mayai, amekueleza. Ameandika Kiswahili cha nyumbani, hata mtu wa darasa la tatu anakielewa.

Tatizo wasomaji. Miaka sita, wasomaji sabini na mmoja, na mmoja wao ni yeye mwenyewe.

Basi kila jioni anashika simu kwenda kuitangaza barua yake mitandaoni. Anaweka tangazo, anangoja. Anapangusa, anangoja. Anarudi kuangalia nani amependa, anakutana na mapishi ya pilau. Anayaacha mapishi, anakutana na harusi ya mtu asiyemjua. Anaiacha harusi, anakutana na watu wawili wanatukanana, na ugomvi jamani una utamu wake, anausoma mpaka mwisho. Akiinua kichwa saa tatu zimekwenda, macho yanamtoka machozi, na msomaji hata mmoja hajaongezeka.

Jioni moja kicheche akaingia bandani kwake. Banda liko hatua kumi tu kutoka kwenye kiti chake. Aliwasikia kuku wakipiga kelele, akasema, "Ngoja nimalizie hii." Alipomaliza, mitetea kumi na mmoja walikuwa wamelala shingo upande.

Afisa mifugo mzima! Aliwazika kuku wale mwenyewe, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Nimechoka." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka kama mtu aliyetwanga maji kwenye kinu miaka sita.

Kesho yake aliwaita watu wawili. Wa kwanza Hema, mtoto wa kaka yake, kijana mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Wa pili Semeni, jirani yake, fundi cherehani mwenye maneno mengi na roho nzuri. Akawawekea mezani daftari lake jeusi, la miaka thelathini ya magonjwa na dawa, kurasa zake zimekuwa za njano.

"Kiangazi hicho kinakuja," akasema, "na kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima, kinakuja nacho. Mnakijua kideri, hakibishi hodi. Nataka barua yangu isomwe na watu mia tano kabla ya hapo. Atakayeifikisha, daftari hili lake, na jina lake ndilo litakaa chini ya barua badala ya langu. Mimi nipumzike."

"Sasa shangazi," akasema Hema, "kazi ndogo hiyo."

"Sijamaliza. Sharti ni moja. Mtandaoni mkae nusu saa tu kwa siku. Muda wa kusonga ugali na kupika mlenda, basi. Mimi simu imenila miaka sita, sitaki iwale na nyie."

Wakakubali, wakaagana.

Hema alikuwa mtu wa hesabu. Alisema, kwa nini nitumie nusu saa kila siku? Akapata programu inayotuma ujumbe yenyewe kwa saa uliyoipanga. Jumapili anakaa nusu saa moja, anapanga matangazo ya wiki nzima, grupu hili saa mbili asubuhi, grupu lile saa saba mchana, kisha anaifunga simu na kurudi kwenye mashine zake. Wiki ya kwanza wakaja wasomaji arobaini. Wiki ya pili thelathini. Wiki ya tatu ishirini. Wanakuja, lakini wanapungua.

Semeni alikuwa mtu wa watu. Nusu saa ya kwanza aliiheshimu. Ya pili akaongeza robo. Mtu akiuliza, "Kuku wangu anajikuna," Semeni atamjibu kwa sauti, atamuuliza na habari za watoto, ataulizwa na yeye habari za cherehani, na mazungumzo yananoga. Anayejiandikisha kwa Semeni haondoki. Lakini mlenda wake ulikauka sufuriani, na sare za harusi ya watu zikalala kwenye kikapu hazijakatwa.

Mwezi ukaisha, wasomaji mia mbili na kumi. Bi Sikudhani akasema, "Tumefika hapa tulipofika. Nimechoka." Akaandika barua ya wiki ile, fupi kuliko zote: kuku mgeni anayeletwa kutoka kwingine akae siku kumi na nne kwenye tundu lake peke yake, asichanganywe na wenyeji, na wenyeji wapewe chanjo ya matone ya jicho mapema.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, mtasema wenyewe.

Jumatano ya wiki ile alifariki mama yake mzee Mughenyi. Mzee huyu ndiye msimamizi wa grupu kubwa la wafugaji pale wilayani. Na mnajua desturi ya magrupu yetu. Msiba ukitangazwa, hakuna biashara, hakuna utani, hakuna habari ya mpira. Watu wanaandika pole, na wengine pole, na wengine pole, mpaka tanga lianuliwe. Hata mkorofi wa grupu siku hizo anakuwa mtawa.

Hema alikuwepo msibani tangu alfajiri. Alipasua kuni, akabeba maji, koti ameliweka juu ya ua na simu imo mfukoni. Mwanadamu aliijua desturi. Simu haikuijua. Ilikuwa imeambiwa tangu Jumapili: Alhamisi, saa saba mchana.

Saa saba ikafika. Akina mama wamekaa kwenye mikeka, wanaume kwenye viti, kimya. Mara simu zote zikalia pamoja. Watu wakafungua wakidhani ni ratiba ya mazishi. Chini kabisa ya picha ya marehemu, wakamkuta jogoo anakata mauno! Na maneno: "Furahini wafugaji! Habari njema imefika, bonyeza hapa!"

Yalaa! Hema aliuona uso wa mzee Mughenyi, shoka likamtoka mkononi.

Mzee alivaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja: "Tazameni watu wanaocheza juu ya mama yangu." Akauambatanisha ujumbe huo na tangazo lilelile, kiungo chake na kila kitu, akautuma kwenye magrupu kumi na tisa. Ilimchukua dakika mbili. Kisha akazima simu, akaenda kumzika mama yake.

Watu wakawaka. Kila mtu alitaka kumjua huyu asiye na haya, na kumjua lazima ubonyeze, na kumjibu lazima kwanza ujiandikishe. Basi wakajiandikisha ili watukane! Tulifundishwa hasira hasara. Siku ile hasira ilizaa. Hadi jioni wasomaji walikuwa mia nane, na kila mmoja amekuja na tusi lake.

Bi Sikudhani aliyasoma matusi mawili, akaiweka simu kifudifudi mezani. "Futa barua, Semeni," akasema. "Waondoke. Nimechoka."

"Dada, nenda kalale," Semeni akamjibu. "Hawa niachie mimi."

Siku saba Semeni hakushika cherehani. Alimjibu mmoja mmoja. "Pole baba, tumekosa." "Pole mama, una haki ya kukasirika." "Pole kaka, na kwa kuwa umeshafika, kuku wako wamepata chanjo?" Anayetukana akaombwa radhi, akanyamaza. Aliyenyamaza akaulizwa, akajibu. Aliyejibu akasoma. Bibi harusi wa zile nguo za kikapuni akaolewa amevaa gauni la kuazima, na mpaka leo hamsalimii Semeni.

Na kideri hakikungoja. Msibani watu hawaji mikono mitupu. Walikuwa wamekuja na kuku, kutoka vijiji vya mbali, wamefungwa miguu. Wengine walichinjwa, wengine wakabaki, waombolezaji wakagawiwa wakarudi nao makwao. Baada ya wiki kuku wakaanza kupinda shingo, kinyesi cha kijani, mabawa chini. Lakini waliosoma barua walikuwa wamewatenga wageni, wamewadondoshea wenyeji matone. Mitaa mizima ikapona. Matusi yakageuka, watu wakaandika "Mungu akubariki, bibi" mpaka Bi Sikudhani akalia, na safari hii si kwa uchovu wa macho.

Jumatano moja jioni Hema na Semeni wakaja kudai daftari.

Hema akasema, "Shangazi, sharti nimelishika mimi peke yangu. Nusu saa kwa wiki, sikuzidisha hata dakika. Tangazo lililowaleta watu nililiandika mimi, na aibu yake nimeibeba mimi. Nilipiga magoti kwa mzee mbele ya watu. Nifanye nini tena ndipo nistahili?"

Semeni akasema, "Dada, sharti nimelivunja, sikatai. Lakini Hema amekuletea watu wenye mawe mkononi. Nani aliwatoa mawe? Ningehesabu nusu saa, wote wangeondoka, na kuku wao wangekufa."

Bi Sikudhani alikuwa hajajibu, hodi ikabishwa mlangoni. Ni mzee Mughenyi. Amekonda.

"Karibu mzee. Pole tena na msiba."

"Nimeshapoa, Bi Sikudhani." Akakaa, akaangalia lile daftari. "Nimesikia kuna zawadi ya aliyeleta wasomaji. Nami nimekuja kudai."

Hema akataka kucheka, akajizuia.

"Wasomaji wako wamepita kwenye kidole hiki," mzee akasema. "Dakika mbili tu, sharti lako sikulikaribia. Sikukusudia wema, ni kweli. Lakini sikiliza. Mama aliniachia kuku arobaini, wengine akiwaita kwa majina. Nikachanganya nao kuku wa msibani. Watu mia sita niliowatumia mimi barua waliisoma. Mimi sikuifungua. Nilisema, ngoja kwanza nimalize hasira yangu." Akavua miwani, akaifuta. "Nilipomaliza, kuku wa mama walikuwa wamekwisha. Wote. Nipe daftari, Bi Sikudhani. Kuandika kwangu ni kwa kidole kimoja, lakini hakuna atakayejua kuliko mimi barua isiyosomwa inaua nini."

Bi Sikudhani aliwaza mitetea wake kumi na mmoja, na yale maneno yake mwenyewe, ngoja nimalizie hii. Alimtazama Hema aliyetunza muda, akamtazama Semeni aliyeutoa wote, akamtazama mzee aliyechelewa. Akalivuta daftari kifuani, akalirudisha mezani.

"Chai iko jikoni," akasema. "Mimi nimechoka. Kesho ni Alhamisi."

Barua ya Alhamisi ilikuwa tayari imeandikwa. Kilichobaki ni nafasi moja nyeupe pale chini, ya jina.

Haya, nyie mliosikiliza, na wewe uliyeichungulia simu mara mbili ukidhani sikuoni: pale chini liandikwe jina la nani? Kati ya hao watatu, je, nani alistahili?