Pimbi Alivyompa Nyani Raundi

— Ngano hodi!
— Karibu, ngano!
— Nije na fimbo au nije na ngumi?
— Njoo na ngumi, fimbo tumeichoka!

Basi kaeni vizuri, na wewe unayetafuna huko nyuma meza kwanza, maana ngano hii ni ya mlafi na sitaki useme nimekulenga wewe.

Hapo kale wanyama walimaliza ugomvi wao kwa ngumi. Uwanja wao ulikuwa wa mchanga, na mwamuzi wao alikuwa Kobe. Raundi ilianza Kobe alipoondoka kwenye jiwe la mashariki, ikaisha alipofika kwenye jiwe la magharibi, na mnamjua Kobe anavyotembea. Aliyepiga zaidi ndiye aliyeshinda raundi. Lakini ugomvi wenyewe haukuamuliwa kwa raundi. Uliamuliwa pale mmoja alipoanguka, Kobe akamwendea, akaingiza kichwa gambani, akakitoa, na yule bado yuko chini.

Mtauliza, sasa raundi zilikuwa za nini? Zilikuwa za kutunzwa. Aliyeshinda raundi alitunzwa na watazamaji, na wanyama wale hawakutunza kwa makofi. Walitunza kwa chakula, na tuzo ililiwa palepale, mbele ya aliyeileta. Kuibakiza ilikuwa kumtukana mtoaji pamoja na mama yake.

Katika mwamba mmoja mkubwa aliishi Pimbi na mkewe na watoto wao. Pimbi ni mdogo, hana mkia, na ukimwona kwa mbali utadhani ni panya aliyeoa vizuri. Nyumba yake ilikuwa ufa mwembamba mwambani, na mlangoni paliota mkuyu. Tai akipita juu, fyaaa, watoto wanaingia ufani. Ndiyo maana walikuwa hai.

Akaja Nyani. Nyani dume, kifua kipana, meno marefu, na tumbo lisilojua kusema limetosha. Akaukwea mkuyu. Akala makuyu mabivu, akala mabichi, akala na majani. Alipomaliza akatangaza kwamba mkuyu ni wake, na kwa kuwa mizizi ya mkuyu imeingia mwambani, mwamba pia ni wake. Pimbi na watoto wake wahamie bondeni.

Bondeni hakuna ufa. Bondeni kuna nyasi fupi na anga tupu, na angani kuna Tai. Pimbi aliwatazama watoto wake wakirukaruka juu ya mawe. Akamwambia Nyani, kwa adabu zote, kwamba hatahama mpaka wapigane, na atakayeshindwa ndiye atakayehamia bondeni.

Nyani akacheka mpaka akashika tawi asianguke. Akataka wapigane siku ileile. Lakini ilikuwa miezi ya njaa, ardhi imepasuka, na hapakuwa na mnyama mwenye hata punje ya kumtunza mtu.

"Mjomba," akasema Pimbi, "ukinipiga leo utatunzwa vumbi. Ngoja mavuno."

Mate yakamtoka Nyani. Akakubali hapohapo, akaenda zake akiyaota matikiti ambayo hata hayajapandwa.

Kila asubuhi Pimbi akapanda mwamba na kushuka, akapanda na kushuka. Mkewe, Bi Pimbi, akamuuliza ni lini ataanza kujifunza kupiga. Pimbi akajibu kwamba kwa sasa anajifunza kukwepa. Bi Pimbi akaingia ndani, akaanza kufungasha vyombo.

Mavuno yakafika. Uwanja ukajaa wanyama, na kila mnyama na kikapu chake. Watoto wa Pimbi wakakaa mbele kabisa.

Kobe akaondoka jiweni. Nyani akapiga: pu! pu! pu! Pimbi akarudi nyuma, akazunguka, akainama. Ngumi moja ikampata begani, akaisikia mpaka kwenye meno. Yeye hakurusha hata moja. Kobe akafika jiweni. Raundi ya Nyani. Ngiri akamtunza Nyani kikapu cha viazi vitamu, Nyani akala, mwa-mwa-mwa, mpaka kikapu kikabaki kitupu. Pimbi akapumzika.

Bi Pimbi akamkanda bega kwa majani mabichi, akamuuliza kwa nini hapigi.

"Bado," akasema Pimbi.

Kobe akaondoka jiweni. Nyani akapiga: pu! pu! pu! Pimbi akarudi nyuma, akazunguka, akainama. Wanyama wakaanza kumzomea. Kobe akafika jiweni. Raundi ya Nyani. Nungunungu akamtunza matikiti, Nyani akala, mwa-mwa-mwa, nyama na mbegu na maganda. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Pimbi yeye alivumilia ili mwenzake ale.

Bi Pimbi akamwambia kwa sauti ndogo kwamba watoto wanamwona anavyopigwa. Maneno yale yalimuuma Pimbi kuliko bega.

"Bado," akasema.

Kobe akaondoka jiweni. Safari hii Nyani alikuwa na hasira, kwa sababu hakuna kinachomchosha mtu kama kupiga hewa. Akarusha mkono wote, ukampata Pimbi tayani. Pimbi akaenda chini, puu! Mchanga ukamjaa mdomoni. Akalala chali, masikio yakilia, na kusema kweli palikuwa pazuri pale chini. Kobe akaanza kumjia, hatua kwa hatua.

Ndipo Pimbi akaona kitu cheusi kinazunguka angani. Alikuwa Tai. Tai hakuja kutazama ngumi. Alikuwa akiwatazama waliokaa mbele.

Pimbi akasimama. Hakusimama kwa nguvu, maana nguvu hakuwa nazo. Alisimama kwa sababu alijua akilala pale, watoto wake watalala bondeni. Kobe alikuwa bado njiani. Akageuka bila kulalamika, akaendelea na safari yake.

Raundi ya Nyani. Panya Buku akamtunza karanga za kuchoma, gunia zima. Ndugu yake Nyani akamnong'oneza azitafune kisha azitemee pembeni. Nyani akamjibu kwamba ameshinda mwenyewe na atakula mwenyewe. Akala, mwa-mwa-mwa. Karanga zikamtia kiu, akainua kibuyu cha maji, gu-gu-gu, mpaka tone la mwisho.

Kobe akaondoka jiweni. Nyani akapiga: pu... pu... Akapumua. Pu... Pimbi akakiona kifua cha Nyani kiko wazi, mkono ukamwasha. Akauzuia. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na ukuta wenyewe ulikuwa haujaanza kuyumba. Sasa hatari ilikuwa nyingine: Nyani alikosa mara nyingi, hata ikaelekea raundi ile kumwangukia Pimbi. Pimbi akasogea karibu makusudi, akatoa shavu, akapokea makofi mawili ya mwisho. Kobe akafika jiweni. Raundi ya Nyani.

Watazamaji walikuwa wamechoka kumtunza mtu mmoja. Vikapu vikafunikwa. Ndipo Pimbi mwenyewe akavuka uwanja, uso umevimba, mikononi amebeba kapu la makuyu ya mkuyu wake. Akapiga goti.

"Mjomba, umeshinda," akasema. "Pokea na tuzo yangu."

Nyani akalitazama kapu. Akalitazama tumbo lake. Kukataa hawezi, mila haimruhusu, na zaidi ya hayo, makuyu yale ndiyo aliyoyapigania. Akaanza kula. Mwa. Akameza. Mwa. Akafumba macho, akameza. Pimbi alibaki na goti chini mpaka kuyu la mwisho lilipopita kooni.

Pimbi akarudi kwa mkewe. Bi Pimbi alikuwa ameshaelewa, na majani ya dawa alikuwa ameyatupa.

"Sasa," akasema Pimbi.

Kobe akaondoka jiweni. Nyani akainua mkono, tumbo likacheza ndani: chubwi, chubwi. Pimbi akazunguka kulia. Nyani akageuka, tumbo likachelewa. Pimbi akazunguka kushoto. Nyani akageuka, tumbo likaenda kulia. Pimbi akazunguka tena, mbio, kama anapanda mwamba na kushuka, na Nyani naye akazunguka, macho yakawa mekundu, midomo ikawa myeupe. Pimbi akasimama ghafla mbele yake, akampiga ngumi moja tu, pale chini ya kitovu. Pa!

Nyani akakaa. Kisha akalala.

Kobe akaja, hatua kwa hatua. Nyani alikuwa na muda wote duniani wa kusimama. Alijaribu kwa mikono, tumbo likakataa. Alijaribu kwa miguu, tumbo likakataa. Kobe akafika, akaingiza kichwa, akakitoa. Nyani bado yuko chini.

Nyani akalalamika palepale alipolala. Akasema raundi zote zilikuwa zake, wanyama wote wameona, na haiwezekani mtu ashinde raundi zote halafu ashindwe.

"Zilikuwa zako kweli," akasema Kobe. "Na zote umeshazila. Bonde lile pale."

Nyani akateremka bondeni polepole, akisimama njiani kupumua. Pimbi akawaingiza watoto wake ufani mmoja mmoja, akakaa mlangoni na taya lake lililovimba, akalia kwa furaha bila kuona haya. Tai akazunguka juu, akazunguka, akaenda zake.

Ndiyo maana mpaka leo, ukitazama mabondia ulingoni, utamwona mmoja anarudi nyuma, anazunguka kamba, anapigwapigwa, raundi inakwenda kwa mwenzake na watu wanazomea. Usiwahi kumzomea. Pengine anangoja mwenzake ashibe.

Na funzo? Funzo, wanangu, ni hili: usikubali kupoteza hata raundi moja, na ukipewa chakula kula mpaka kiishe. Nyani alifanya yote mawili, na leo bonde zima ni lake.

— Ngano imetua?
— Imetua!
— Na nani kaanguka?
— Aliyeshinda!