Mbebaji wa Shairi

Kila Jumamosi alasiri washairi wa mtaa wa Buluk walikutana kwenye rakuba ya Mama Rebecca, kibanda cha nyasi alichouzia chai. Walikuwa mchanganyiko kama kachumbari. Tombe alikuwa amelelewa kambini Kakuma na Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya. Teresina, muuza vitenge, na binamu yake Lodu, fundi wa pikipiki, walikuwa Wabari waliokulia ukimbizini Uganda. Fortunato alikuwa mwalimu kutoka Wau, mrefu na mkimya, aliyetunga kwa Kiarabu na ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kinachechemea.

Katika miaka hiyo ya vita, karatasi yenye shairi mfukoni ilitosha kumpoteza mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Basi wakajiwekea desturi. Hakuna aliyeandika. Mtunzi alimfundisha mtu mmoja tu shairi lake, faraghani, mstari kwa mstari, mpaka likamkaa kichwani. Huyo waliyemwita mbebaji ndiye aliyesimama kulighani, na hakuna aliyeuliza ni la nani. Tena palikuwa na sharti moja kubwa: mbebaji asiwe wa kabila la mtunzi. Kilio cha Mbari kilitoka kinywani mwa mtu wa Wau, na cha mtu wa Wau kinywani mwa Mbari. Hilo ndilo lililowafanya wawe ndugu mjini ambamo majirani walikuwa wameacha kusalimiana.

Mapigano ya Julai yalipotulia, Jada, kaka yake Teresina, alikuwa bado anajificha. Siku moja alirudi nyumbani kimya kimya kubadilisha nguo. Majirani hawakujua; waliojua ni watu wa familia tu. Hata hivyo watu wenye bunduki walikuja moja kwa moja mpaka mlangoni. Baadaye viatu vyake vilirudishwa. Yeye hakurudi.

Teresina alilia mpaka macho yakakauka, kisha akatunga. Zamu ya kubeba ilikuwa ya Fortunato, lakini moyo wa Teresina ulikataa katakata.

"Mimi siamini ile mutu," alimwambia Tombe. "Kila saa anatoka nje na simu, anaongea Kiarabu."

"Na wewe si huongea Kibari kwa simu? Sisi tutajua aje unasema nini?" Tombe alimjibu. "Teresina, hiyo si poa. Sharti ni sharti."

Teresina hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alimwambia Fortunato kwamba safari hii hana shairi. Fortunato alimtazama kidogo, akasema, "Malesh, ya okti. Pole, dada. Mimi nitangoja." Siku ileile Teresina alikwenda New Site, nyumbani kwa Lodu, akamfundisha yeye. Kwani si walikula sahani moja kambini na kujifunika blanketi moja? Damu nzito kuliko maji, alijiambia, na akarudi nyumbani moyo mweupe.

Jumamosi haikufika. Wanaume wawili waliovaa kiraia walimtoa kwenye meza yake ya vitenge, wakamtia katika gari lisilo na namba na kumpeleka katika jengo moja Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege. Nani asiyelijua jengo lile? Walioingia walikuwa wengi kuliko waliotoka. Njiani Teresina alimlaani Fortunato kimoyomoyo, yeye na simu yake na Kiarabu chake.

Ofisa aliyempokea alikuwa mpole, na upole huo ulitisha kuliko kofi. Alifunga dirisha kwa sababu ndege ilikuwa inapaa, akaegemea kiti, kisha akaanza kughani:

"Kizingiti kimeoshwa, nani aliyekiosha?
Viatu vimerejeshwa, na maji hayakutosha."

Teresina alipigwa na bumbuwazi. Lilikuwa shairi lake! Halijawahi kughaniwa popote duniani. Fortunato hakulisikia hata neno. Lilitoka mdomoni mwa Teresina likaingia katika sikio moja tu, na sikio lile lilikuwa la Lodu.

"Unasema sisi ndio tuliua kaka yako?" ofisa aliuliza. Alisimama, akafungua tena dirisha. "Sawa. Kesho utapelekwa kwingine."

Waliopelekwa "kwingine" hawakuonekana tena. Teresina alimkumbuka mama yake mzee, ambaye bado alivipanga viatu vya Jada mlangoni kila asubuhi. Akajua kwamba sasa vitapangwa pamoja na vyake.

Jioni mlango ulifunguliwa, na aliyeingia hakuwa mtu wa kumpeleka kokote. Alikuwa Fortunato, aliyesikia kwa wauza vitenge kwamba amechukuliwa. Mtoto wa ofisa alisoma katika darasa lake, na kwa kamba hiyo nyembamba alikuwa ameshinda nje tangu saa sita akiomba na kubembeleza. Aliweka kitambulisho chake mezani, akamdhamini Teresina kwa kichwa chake mwenyewe: shairi lile likisikika mjini, yeye ndiye atakayeshikwa.

Walipofika barabarani, Teresina aliona haya hata kumtazama.

"Kwa nini umekuja? Mimi nilikuwa nafikiri ni wewe. Ile simu yako..."

"Simu?" Fortunato alishangaa. "Ni mama yangu, Wau. Masikio yake hapana sikia vizuri. Mimi natoka nje kupiga kelele."

Kesho yake Teresina alimkuta Lodu gereji, akifunga nati ya gurudumu. Alipomwona, spana ilimponyoka.

"Nani alipatia wao maneno yangu, Lodu?"

"Dada, walinishika na pikipiki ya wizi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Walisema kila mara niwapatie kitu. Mimi iko na watoto."

Kila mara! Neno hilo lilimchoma Teresina kama kaa la moto.

"Na Jada? Ile siku alirudi nyumbani, wao walijua namna gani?"

Lodu aliokota spana, akainama, akaendelea kuikaza nati ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa. Teresina alitamani aambiwe uongo, uongo wowote ule, lakini hata huo hakuupata. Alipiga ukwenzi uliowatoa watu madukani, nao hawakuelewa ni nani aliyefariki.

Jumamosi rakuba ilikuwa na kiti kimoja kitupu. Teresina alimvuta Fortunato pembeni.

"Nataka nikufundishe shairi. Utabeba?"

"Lakini hatuwezi kuimba, ya okti."

"Najua. Beba tu."

Akamfundisha polepole, mstari kwa mstari, na pale Kiswahili kilipomshinda Fortunato alimsubiri. Yule wa mbali ambaye Teresina alimkwepa sasa alikuwa akimlilia Jada kwa lugha ya kuazima, na yule wa blanketi moja ndiye aliyewaonyesha wauaji mlango. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.